Mbuzi ya Nazi Kubwa Kuliko Kitanda

Baba Somoe,

Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na leo umenishtua tena.

Unakumbuka tulipoteremshwa kutoka mashambani Rondo kuletwa kijiji cha ujamaa? Nilichoma vitumbua hadi macho yakawa mekundu kwa moshi, nikanunua magogo matatu ya mninga. Hesabu yangu ilikuwa kamili: paa zima, na mlango pia. Nikaenda mjini Mtama kutafuta misumari. Kurudi, mzigo ukanidondoka. Magogo hakuna! Uani kumesimama mwiko mrefu kuliko nyumba, kinu cha mtu mzima kujificha, na mbuzi ya kukunia nazi kubwa kuliko kitanda chetu, hata ulimi wake umeuchonga kwa mti.

"Baba Somoe, umerukwa na akili?"

"Mwenyekiti kasema kijiji kizima sasa ni kaya moja," ukanijibu, patasi mkononi. "Kaya yote hii utaisongea ugali kwa kijimwiko chako kile?"

Majirani walicheka hadi wakakaa chini. Jirani yetu Mzee Bakari akapaza sauti: "Shemeji, na nazi yake mtaiangua wapi?"

Mimi sikucheka. Masika ile tulilala chini ya makuti yanayovuja, na nyingine, na nyingine. Nilikuzika nikiwa na hasira nawe.

Basi asubuhi hii nimemwita fundi aje na msumeno. Mwiko umetoa mbao, kinu kimetoa mlango. Zimepungua mbao mbili tu za paa, na mbuzi ingezitoa na kubakiza. Nikapanda juu yake niipime kwa kamba, kalamu na karatasi ya vipimo mkononi.

Miguu yangu haikufika chini.

Ilining'inia, Baba Somoe, kama nilipokuwa mdogo nikiparamia mbuzi ya mama jikoni, naye akinikemea, "Shuka, utajikata!" Nilikusimulia mara moja tu, siku tunahama, nikilia. Wewe ukaendelea kufunga mizigo. Nikadhani husikilizi.

Kumbe ulikuwa unasikiliza, unanipima miguu.

Fundi akauliza, "Mama, nikate?" Nikamwambia asubiri nishuke kwanza. Amesubiri, amechoka, amekwenda zake. Wingu limetanda na mimi bado niko huku juu, nakuandikia.

Mola akulaze pema, mume wangu.

Mkeo,
Mama Somoe