Mdomo wa Mama Rafuni

2 Mei

Dada yangu mpenzi,

Salamu tele. Mgongo wako umepoa? Mimi sijambo kupita kiasi. Wiki sita tu za ndoa na gauni halifungi. Shemeji yako ananiletea chai kitandani kabla hajashuka karakanani kuchonga meno ya bandia ya watu. Nilikwambia alivyonianza kwenye foleni ya benki? Nilicheka, akaniangalia mdomo kabla ya macho, akasema, "Nimewahi kukuona." Nikajua ni maneno ya wanaume, nikayeyuka hivyo hivyo.

Njoo basi utuone. Harusini ulisimama nyuma ya wote, na kwenye picha umeziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Meno yetu ni yale yale, dada, mwanya ule ule wa Mama. Mimi wananisifia, wewe unashikilia pini mdomoni ili wateja wasikuchekeshe. Picha ya Mama nimeitundika sebuleni. Kwa nini amefunga mdomo vile? Si Mama yule.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Nimefurahi mnavyopendana. Mimi mzima, mgongo ndio huo, sare za shule zimejaa mpaka mlangoni. Watu wanakusifia kwa sababu unawapa meno kabla hawajaomba. Mimi mtu akinisifia mwanya, naona kama amefungua mlango nami naoga. Wewe na Mama mlizaliwa hivyo. Niacheni na pini zangu.

Ya picha sijui.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Hujambo? Mimi mzima. Juzi nilikuwa napanga rafu ya karakana, ile ya sanamu za plasta za meno ya wateja. Nyuma kabisa nikakuta mdomo unanicheka. Mwanya wetu. Na jino la pembeni limemeguka, lile alilomegua Mama akifungua soda mbele ya wageni. Nilikaa sakafuni.

Mume wangu akaja mbio. Chini ya sanamu aliandika "Mcheshi", jina halijui.

"Alikuja miaka minne iliyopita," akaniambia. "Alitaka kijino cha kuziba mwanya, tena si chake. Akasema, 'Ni cha binti yangu mkubwa. Mwenyewe haji ng'o. Nipime mimi, mdomo wetu ni mmoja.' Nikamwambia, mama, meno hayapimwi kwa niaba. Akasema, 'Basi nipime unifurahishe tu.' Alicheka mpaka nta ya kupimia ikaharibika mara mbili. Kazi ikaisha, hakurudi kuichukua."

Hakurudi, dada. Ndio mwezi tuliomzika. Kumbe kwenye foleni mume wangu hakunidanganya, mdomo huu alikuwa ameshauona. Sasa kila nikishuka ngazi nahisi Mama yuko kule chini, ananingoja amalizie kicheko.

Kijino kimo humu, nimekiviringisha kwenye pamba. Ni chako.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Natumai mko salama. Nisamehe kukunyima salamu muda wote huu; sikuwa mgonjwa. Kijino nilikiweka kwenye kopo la vifungo, na kila nikishona nakihisi kipo.

Jana nilikivaa. Kiliingia kama nilipimwa mimi. Nikasimama mbele ya kioo cha wateja, mkono chini, nikacheka. Nikaona mwanamke mzuri. Nikamtafuta Mama usoni mwangu, hayupo. Nikakitoa.

Uliuliza ya picha nikakudanganya. Ni siku niliyohitimu ushonaji. Mpiga picha yuko tayari, Mama ameshaanza kucheka, wenzangu wote wanamtazama. Nikamnong'oneza, "Mama, leo tu, usicheke." Akafunga mdomo. Hakuniuliza kwa nini. Miaka yote nimejiambia hakuelewa. Kumbe alielewa, akaenda kunitafutia dawa. Na picha nyingine ya Mama hatuna.

Mwambie shemeji asiiguse sanamu ile, hata vumbi asiifute. Nakuja Jumamosi. Usinishangae nikiziba mdomo mlangoni, mkono umeshazoea. Nipeleke chini kwanza, kabla ya chai, uniache naye. Mbele yake mkono nitaushusha.

Dada yako