Ujumbe kwa Simu ya Mama

9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na vichwa vya kunyoa vipo. Mimi sijambo. Kila mtu hapa chuoni ananiuliza hali, nami najibu hivyo hivyo.

Afadhali tuandikiane. Kwenye simu tunakaa kimya sote wawili mpaka mmoja aseme “haya basi”.

Nilirudi darasani siku ile ile niliyofika kutoka mazikoni kwa Mama. Mwalimu wetu wa kutengeneza tovuti tunamwita Mabano, kwa sababu programu ikigoma, swali lake la kwanza ni, “Umefunga mabano?” Wenzangu wanacheka. Nami nafungua mdomo kama wao.

Ile kazi ya muhula ya kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki tunaiendeleza, mimi na mwenzangu. Mwenzangu huyo jina lake hapa ni Mzee wa Chaji, maana haachi kuomba chaja za watu. Mgonjwa anasajiliwa kwenye tovuti, seva inatunza tarehe yake, na siku moja kabla inamtumia ujumbe kwenye simu. Naifanya tu. Siipendi wala siichukii. Ni kama kufua nguo za mtu nisiyemjua.

Unakula?

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nyumba nzima pia, ingawa nyumba nzima ni mimi.

Nakula. Shangazi yako ananiletea sufuria utadhani analisha kambi ya jeshi. Kazini naenda. Juzi nilimnyoa mteja upande mmoja, nikakaa chini. Akasubiri, akasubiri, mwisho akaniuliza, “Fundi, na huku?” Nikainuka nikamalizia. Hakuna aliyecheka.

Sina la zaidi. Soma.

Baba yako


17 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Kwanza jua kwamba niko nyumbani na naendelea vizuri. Sasa soma taratibu.

Simu ya mama yako bado naichaji. Sijui kwa nini. Labda kuizima ndiyo kazi. Jumatano iliyopita jioni ililia. Ujumbe ulisema: “Mama, kesho ni kliniki ya sukari, saa tatu. Usijifanye umesahau.” Nilijua ni wewe. Hakuna mwingine aliyekuwa akimsema hivyo.

Ningekuambia nilishtuka ungenielewa zaidi, lakini sikushtuka. Asubuhi nilivaa shati safi, nikachukua kadi yake, nikaenda. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nikampa nesi kadi. Akaitazama, akanitazama. Anamkumbuka mama yako vizuri.

“Baba, nani kakutuma?”

“Binti yangu.”

Nilidhani atanifukuza. Akasema, “Basi kaa, nikupime wewe.” Akanifunga mkanda wa presha mkononi. Akapima, akapima tena, akatoka kwenda kumwita daktari. Nililazwa papo hapo mpaka kesho yake. Daktari anasema presha ilikuwa juu mno, kwamba kiharusi kilikuwa kinanipigia hodi nami najifanya simo. Nimepewa vidonge na nameza.

Usiache masomo ukaja mbio.

Baba yako


25 Aprili

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Vidonge havikukereshi tumbo?

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za maktaba, nikakaa pale mpaka mlinzi akaniomba nimpishe afunge mlango.

Ujumbe ule niliuandika likizo, Mama akiwa ameketi kando yangu anacheka. Alisema, “Mimi niweke wa kwanza.” Ndipo namba yake ikawa ya majaribio. Mzee wa Chaji aliwasha sehemu ya kutuma ujumbe bila kujua kama namba ile ni ya mtu. Nilipomweleza, akaomba msamaha mpaka nikamwambia basi, nyamaza. Hata hasira nimeitafuta, sikuipata.

Jana tulionyesha kazi mbele ya darasa. Mabano akaona jina la mgonjwa wa kwanza kwenye orodha iliyomulikwa ukutani.

“Huyu ni mtu kweli au wa kubuni?”

“Ni mama yangu,” nikasema. “Amefariki.”

Mabano akavua miwani. “Unataka kumfuta sasa, au baadaye?”

“Baadaye.”

Akaendelea na swali lingine, nami nikalijibu. Tumefaulu. Nakuambia kwa sababu mtu huwaambia wazazi wake akifaulu.

Baba, nimfute? Na wewe nikuandike kwenye orodha?

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hongera. Nimemwambia kila aliyekalia kiti changu cha kunyolea, hata asiyejua tovuti ni mdudu gani.

Mfute. Simu ile ikilia tena, nitavaa shati tena niende, najijua.

Nami niandike. Ila ujumbe wangu uwe wa adabu.

Baba yako


12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za presha?

Nilimfuta jana. Programu iliniuliza, “Una hakika?” Swali hilo nilikuwa nimelitunga mwenyewe. Nikabonyeza ndiyo. Nilidhani kitu kitatokea. Majina ya chini yalipanda juu, basi. Kisha nikakuandika wewe, nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Nilikuwa katikati ya chakula, kijiko mkononi, nikaanza kulia. Mazikoni sikulia, uliona. Jana nililia mbele ya bwalo zima, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Mzee wa Chaji alihamisha kiti chake akakaa kati yangu na watu ili wasinione, na akaendelea kula, polepole, mpaka nilipomaliza.

Leo kichwa kinauma na macho yamevimba. Nina njaa kweli kweli.

Nakuja Jumamosi. Usimtume shangazi stendi. Njoo wewe.

Mwanao