Shangazi Ameshatoa Ushuhuda, Sasa Anaikimbia Dripu

Mpendwa Bi Akinyi,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla simu ya hospitali haijalia tena, maana ikilia itabidi niseme ukweli au uongo, na vyote viwili vinaniogopesha. Majina nimeyabadilisha yote, na kanisa letu sikulitaja.

Mimi niko mwaka wa tano wa sekondari, naishi Nyamirambo na Baba pamoja na dada yake mkubwa, Shangazi Gahongayire, ambaye amenilea tangu tulipohama kutoka Mwanza nikiwa mdogo. Shangazi ni fundi cherehani kule Biryogo, na wateja wanampenda kwa sababu mshono wake haufumuki na mdomo wake haunyamazi. Mwaka jana alitokewa na doa jeusi chini ya unyayo wa kulia, mguu anaokanyagia cherehani, akasema ni pedeli imemchubua, akabandika sponji kwenye pedeli na kuendelea na kazi, lakini doa likapanuka, kingo zake zikawa kama ramani, halafu likaanza kutoa damu. Mzee Ndihokubwayo, fundi wa suti wa mlango wa pili, ndiye aliyemwambia, "Gahongayire, hata kitenge kibaya rangi yake hutoka kikifuliwa. Hilo doa lako mbona halifuliki? Nenda hospitali!"

Akaenda, nami nikamsindikiza, wakakata kipande kidogo wakapima, wakasema ni saratani ya ngozi inayoitwa melanoma. Daktari Jean-Luc alitueleza kwamba kwa sisi watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, ndiyo maana wengi huchelewa. Wakamfanyia upasuaji, wakaondoa pale penye doa na tezi moja ya kwenye kinena ili waipime, kisha wakamwekea ngozi kutoka pajani. Alipozinduka aliutazama mguu akasema, "Kumbe na nyinyi mnatia viraka! Ila hiki hamkulinganisha rangi." Wauguzi walicheka sana, nami nikajua bado tunaye.

Alipoweza kutembea alijishonea gauni la njano lenye mikono ya kubana mpaka kwenye kifundo, akaenda kanisani kutoa ushuhuda. Bi Akinyi, ungekuwepo! Alivua kiatu, akainua mguu mbele ya watu wote akasema, "Imetoka yote! Hakuna kilichobaki! Imana ishimwe! Mungu asifiwe!" Ngoma zikapigwa, kwaya ikacheza, Baba alilia mpaka akaazima leso ya jirani. Tangu siku hiyo watu wanakuja dukani kuuona mguu, hata wasio na nguo ya kushona, na Mzee Ndihokubwayo anamtania, "Mguu wako umekuwa mchungaji, unahubiri kuliko wewe."

Baadaye tulirudi kuchukua majibu ya ile tezi, na daktari akasema wamekuta chembe chache za ugonjwa ndani yake. Akamshauri aanze dripu za dawa inayoamsha kinga ya mwili, kila baada ya wiki kadhaa kwa karibu mwaka mzima.

Shangazi akamuuliza, "Daktari, utatibu ugonjwa gani? Si umeutoa mwenyewe?"

"Nimetoa ninaouona, Mama. Dawa hii ni kwa ajili ya ule nisiouona, kama upo."

"Kama upo! Kwa hiyo hata wewe hujui?"

"Sijui. Zamani nikishamaliza kukata nilikuwa sina cha kumpa mgonjwa ila tarehe ya kurudi. Siku hizi nina kitu, ndiyo maana sitaki uondoke bila hicho."

Shangazi alisema atafikiria, lakini tulipofika kwenye benchi la nje akanishika mkono akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, nimesimama mbele za Mungu nikasema imetoka yote. Leo nirudi niseme nini? Kwamba nilimshukuru kwa nusu? Watu wataniona mwongo, na Mungu ataniona sina imani. Usimwambie mtu, hata baba yako."

Sasa shida imenifikia mimi, kwa sababu kule hospitali Shangazi alitoa namba yangu, maana simu yake huwa imefunikwa na vitambaa na haisikiki. Muuguzi Nahimana alinipigia akasema nafasi ya Shangazi kwenye mpango wa dawa imepatikana, na daktari hapendi wiki ziwe nyingi mno tangu upasuaji. Nikasema nitampa ujumbe, na nikampa. Yeye alikuwa na pini mdomoni, akanijibu bila kuzitoa, "Wakipiga tena waambie nimesafiri, niko Mwanza."

Usimwone Shangazi kuwa mzembe, Bi Akinyi. Siku hiyo hiyo bibi harusi mmoja alikuwa anasubiri gauni lake, gari linapiga honi nje, mama zake wadogo wanapiga kelele, na Shangazi hakulitoa mpaka alipopitisha ile sumaku yake juu ya kitambaa chote kama anavyofanya kwa kila nguo. "Mshono umekwisha, pini hazijakwisha," aliwaambia, na kweli sumaku ikanasa pini moja kiunoni. Mtu mwangalifu namna hiyo, inakuwaje mguu wake mwenyewe aufanyie hivi? Darasani tumesoma habari za chembe za kinga na nimejaribu kumweleza, lakini ananiita "daktari wa daftari" na kunituma uzi.

Wiki ijayo Muuguzi Nahimana atapiga. Nikisema uongo, Shangazi anaweza kuipoteza nafasi yake. Nikimwambia Baba, Shangazi hataniamini tena. Nataka aje kwenye mahafali yangu na atafute kasoro kwenye nguo za kila mtu. Nifanye nini?

Kirezi,
Nyamirambo

BI AKINYI ANAJIBU

Marahaba, Kirezi. Kwanza pumua. Umefanya vizuri kuandika, na umefanya vizuri zaidi kutosema huo uongo wa Mwanza. Usiuseme. Simu ikilia, jibu hivi: "Dada, Shangazi yupo, nampelekea simu, naomba upige tena baadaye kidogo." Halafu tembea mpaka Biryogo na umkabidhi, hata kama ana pini hamsini mdomoni. Ugonjwa ni wake, simu ni yake. Mtoto wa shule hafanywi pazia la mtu mzima kujifichia, na hilo namwambia Shangazi yako kwa heshima zote.

Nakuonea huruma, maana umepewa mzigo wa mtu mkubwa. Lakini na wewe nitakugombeza kidogo. Umemwendea fundi cherehani na somo la chembe za kinga! Angekuja yeye darasani kwenu akawafundisha kupiga pindo, mngemwelewa?

Jibu liko kwenye barua yako mwenyewe, umelipita mbio. Soma tena pale penye sumaku. Mwambie: "Shangazi, daktari ameshona vizuri, mshono umekwisha. Dripu ni sumaku." Muulize kama kupitisha sumaku kunamaanisha gauni lilishonwa vibaya. Muulize kama huwa anaipitisha kwa sababu ameiona pini au kwa sababu hajui kama ipo. Kisha nyamaza. Usiongeze neno, nakujua wewe utataka kuongeza. Mwache ajijibu.

Kuhusu ushuhuda: Shangazi yako hakudanganya mtu. Alishukuru kwa jema aliloliona siku ile, na jema lile halijafutika, mguu uko na anautembelea. Siku ile majibu ya tezi hayakuwepo. Mungu aliyepokea shukrani ya kisu ataipokea na ya dripu, na wale waliopiga ngoma watazipiga tena. Kama roho yake bado nzito, na aende kwa mchungaji wake amweleze kabla ya kuamua, si baada ya nafasi kupotea.

Nimemuuliza daktari ninayemwamini, nisije nikakupa maneno ya sokoni. Anasema dawa za namna hii hazifanyi kazi kama zile za saratani ambazo watu huzijua kwa kunyonyoa nywele. Zinaondoa breki kwenye kinga ya mwili ili iwaone maadui waliojificha na kuwashambulia. Kwa melanoma iliyofika kwenye tezi zimepunguza idadi ya wanaorudiwa na ugonjwa, na sasa kuna wagonjwa wanaopewa hata kabla ya kupasuliwa. Lakini hakunificha upande wa pili: hazimsaidii kila mtu, na kwa ugonjwa wa kwenye unyayo matokeo huwa hayana uhakika kama kwa aina nyingine. Pia kinga ikiamka sana inaweza kumgeukia mwenyewe. Akianza na akaharisha sana, akatokwa na vipele, akakohoa, akaishiwa pumzi au akachoka kupita kawaida, apige simu hospitali siku hiyo hiyo. Asijikaze, wala asinywe miti shamba ya mtu. Hayo yote amuulize Daktari Jean-Luc, uso kwa uso, na aseme pia hofu yake ya kanisani. Madaktari wamesikia makubwa kuliko hayo.

Na akishasikia yote akakataa? Mwili ni wake, Kirezi, utaheshimu. Lakini amwambie daktari mwenyewe, kwa mdomo wake. Kukataa ni haki yake. Kujificha Mwanza huku amekaa Biryogo ni mchezo wa watoto.

Baba yako usimwendee kwa mlango wa nyuma. Mwambie Shangazi wazi: "Mpaka Jumapili nataka Baba ajue, na nataka umwambie wewe. Ukishindwa, nitakaa pembeni yako tukiwa wote watatu." Dripu za mwaka mzima zinahitaji mtu wa kumsindikiza, na wewe una mitihani. Mwanaume aliyelia hadharani mpaka akaazima leso hawezi kushindwa kukaa kwenye benchi la hospitali.

Nanyi wasomaji wengine, leo mkivua viatu tazameni nyayo zenu, viganja na kucha. Doa jipya, linalopanuka au kutoa damu, lipelekeni kwa daktari. Msibandike sponji kwenye pedeli.

La mwisho, mwanangu. Lile gauni la njano ndilo la kuvaa siku ya dripu ya kwanza, nguo ya shukrani haivaliwi mara moja. Ila mikono yake inabana, muuguzi atapata tabu kuufikia mshipa. Mafundi wa Biryogo ninaowajua hukata ramani za nguo kwenye magazeti ya zamani. Basi ukishausoma ukurasa huu, uache juu kabisa ya rundo lake la magazeti uende zako shule. Ukirudi ukakuta umekatwa umbo la mkono mpana wa gauni, usimuulize kitu. Mletee sumaku.