Ni Mimi Niliyesema Zima

Baba Neema,

Bado wanachimba. Mafuta hayajaonekana. Lile bomba la mpira lililopasuka likakupiga wameshaweka jipya, jeusi, linang'aa. Nikitoa wali jikoni kambini kuwapelekea wachimbaji, nilikuwa nalizunguka mbali.

Kompyuta yako kwenye kontena ina mtu mwingine. Anakaa tu, hatoki. Wewe ulikuwa hukai. “Kompyuta inasoma, mkono unahakikisha,” halafu huyo, unakwenda kuishika pampu kama mtu anayempima mtoto homa.

Na siku ile Neema alikuwa na homa. Siku tatu hajalala, na mimi sijalala. Nilikuletea chakula naye mgongoni, akasinzia pale pale mlangoni, king'ora cha kompyuta kikaanza. Nikakufokea, “Zima hiyo kelele, mtoto ndiyo kwanza kalala!” Ukacheka. “Haya, bosi wangu.” Ukabonyeza. Ukasema kinalia ovyo tangu asubuhi, ngoja ukaishike pampu mwenyewe.

Mimi nikabaki ndani. Baba Neema, niliiona. Namba kwenye kioo ikawa nyekundu, inapanda, inapanda, kimya kimya. Sikujua kwamba ndiyo presha ya lile bomba. Nilijua tu mtoto kalala. Halafu ule mshindo.

King'ora kingelia, ungekisikia huko nje. Ungekimbia.

Ofisi iliandika uzembe, kwamba ulizima king'ora bila sababu. Mama yako alisomewa karatasi hiyo mbele ya wifi zangu. Akainamisha kichwa. Na mimi nikainamisha, nikanyamaza. Miezi saba.

Siku hizi kelele hainishtui, kimya ndicho kinanishtua. Neema akitulia sana naweka kidole puani kwake. Nikifumba macho hata mchana, ile namba inapanda.

Jana nikamwambia mama yako. Yote. Hakunitukana. Alimchukua Neema, akamfunga mgongoni kwake, akasema, “Twende.” Tukatoka nyumbani Usevya kwa miguu mpaka kambini. Nikawaambia waandike: ni mimi niliyesema zima, na sababu ilikuwa mtoto mgonjwa. Waliandika. Nimesoma mwenyewe kabla sijatia sahihi. Bosi akasema jikoni nisirudi. Sawa.

Lala sasa, mume wangu. Ile karatasi nitaifuatilia mpaka neno uzembe litoke kwenye jina lako. Na Neema akilia, nitambeba, lakini alie. Sitanyamazisha kitu tena.

Mimi,
Mama Neema