Aliyemjibia Tunu

Kisarawe, 4 Juni 2024

Mjomba Mwinshehe, shikamoo.

Natumaini mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, mihogo imekaa vizuri. Barua hii anakuletea Halidi, dereva wa gari la chanjo, maana wewe na simu hamjapatana.

Mjomba, nimeingia matatani kazini, nawe ulikuwa hakimu miaka mingi, kwa hiyo nakuomba uisome taratibu. Mwezi wa pili Tunu, mke wa Hamidu, alimleta mtoto kliniki. Alifuatana na kungwi wake, ambaye ni mama yangu, dada yako Mwanne, aliyemfunda unyagoni. Nikaeleza njia za kupanga uzazi. Unajua kwetu mwari hasemi mambo hayo mbele ya kungwi wake. Basi nikamwelekea mama, na mama akajibu, “Muwekee kijiti, mwari wangu apumzike.” Tunu akainamisha kichwa. Nikamchoma ganzi, nikamwekea mkononi. Kazi ilikwenda safi, hata kidonda hakikusumbua.

Juzi Hamidu kakipapasa kile kijiti. Kamuuliza mkewe, Tunu kasema hakuulizwa. Sasa Hamidu kapeleka malalamiko kwenye kamati ya zahanati, anataka nifukuzwe, na ikibidi twende mahakamani. Mimi kosa silioni. Huduma ni bure, hatukuandikiana mkataba wowote, na mama alikubali. Nimekosea wapi, mjomba? Kazi hii ndiyo inayotulisha mimi na mama.

Mpwa wako,
Nuria

Kibaha, Pangani, 9 Juni 2024

Mpwa wangu Nuria, marahaba.

Mguu bado una ubishi wake, na mbuzi wa jirani kamaliza bamia zangu, ila tuko wazima. Barua yako nimeisoma taratibu kama ulivyotaka, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kununa.

Umeuliza umekosea wapi. Haya. Mkataba ni mapatano: huyu kaahidi hiki, yule kaahidi kile, na anayevunja anaulizwa mlipatana nini. Wewe na Tunu hamkupatana kitu, hapo sikubishii. Lakini sheria ina mlango mwingine, wa madhara, na huo hauulizi mkataba wala malipo. Ukimgusa mtu mzima mwenye akili zake bila ridhaa yake, umemkosea, hata kama mkono wako ni mwepesi na ganzi ilikolea. Muuguzi anamweleza mgonjwa mwenyewe, mgonjwa anaelewa, kisha anajibu mwenyewe.

Najua ulichofikiri. Binti akiulizwa kama anakubali kuolewa, akinyamaza tunasema karidhia. Hiyo ni ndoa, Nuria. Kwenye sindano, kimya si jibu.

Na usijifiche nyuma ya kanga ya mama yako. “Ndiyo” ya Mwanne ni kwa mkono wa Mwanne tu. Nimekukasirikia, na nakupenda, ndiyo maana sikufichi. Nenda kwa Tunu ukamuulize anataka nini.

Mjomba wako,
Mwinshehe

Kisarawe, 20 Juni 2024

Shikamoo mjomba, na pole kwa bamia.

Barua yako ilinichoma, nikashindwa kukujibu mapema. Kilichoniuma ni kwamba umesema kweli. Mambo haya nilifundishwa chuoni, na mtihani nikafaulu. Nilipofika kijijini nikarudi kuwa mtoto wa Bi Mwanne.

Kabla sijamfuata Tunu, Hamidu kamleta mwenyewe. “Kitoe,” kasema, “na malalamiko nayafuta leo hii.” Mama naye kaja nyuma yao. “Kitoe, mwanangu, yaishe.” Nikamtazama Tunu, kichwa kakiinamisha vilevile. Mjomba, yangekwisha palepale, na kazi yangu ningeiokoa.

Nikawaomba Hamidu na mama watoke nje. Mama hajawahi kutolewa nje na mwanawe wa kumzaa. Alivyonitazama nilitamani ardhi ipasuke.

Tukabaki wawili. Nikamweleza Tunu kijiti ni nini, kinakaa kwa muda gani, kinatolewaje, kisha nikamuuliza anatakaje. Nikavuta kiti, nikamsubiri. Halafu akajibu, nami nikafanya alivyosema.

Mlangoni Hamidu aliniuliza kama kimetoka. Nikamwambia amuulize mkewe. Kaondoka kafura, na kikao kiko palepale, mwezi ujao. Mama hasemi nami. Naogopa, mjomba.

Mpwa wako,
Nuria

Kibaha, Pangani, 25 Juni 2024

Marahaba, Nuria.

Hasira za Mwanne nazijua tangu tukigombania ukoko. Mwache, zitashuka. Kwenye kikao usikane. Siku ya kwanza ulikosea, sema hivyo hivyo bila kujipunguzia. Wakikufukuza, hapa chumba kipo.

Ila hukumalizia. Tunu alisemaje? Kimetoka au hakikutoka? Mumewe ana vidole, atajua tu, kwa hiyo hata mimi waweza kuniambia.

Mjomba wako,
Mwinshehe

Kisarawe, 15 Julai 2024

Mjomba, shikamoo. Habari za Pangani?

Tunu alisemaje, sikuandikii. Akitaka mtu ajue, mdomo anao. Nisamehe, mjomba, najua utanuna.

Kikao kilikuwa jana. Nilisema nilikosea, nikaeleza vipi. Mwenyekiti, Mzee Abdulaziz, akamuuliza Tunu kama ana neno. Mama akafungua kinywa kumjibia, kwa mazoea tu. Tunu akamgusa goti, akasema, “Shikamoo mama, niache nijibu.”

Akainua kichwa mbele ya wazee wote wale. “Siku ya kwanza Nuria hakuniuliza, na iliniuma. Nilijiona kama mzigo usioulizwa unapelekwa wapi. Siku ya pili aliniuliza. Nilichomjibu nilimwambia mume wangu usiku huohuo, tukagombana, na tunaendelea kukaa pamoja. Abaki kazini. Ila na wenzangu awaulize wenyewe.” Hamidu alikuwa anatazama viatu vyake, hakupinga.

Nimepewa onyo la maandishi, na kazi ninayo. Nilipotoka nililia kama mtoto.

Mama tulirudi naye kwa miguu. Tulipofika kwenye mikorosho akasimama, akasema, “Mimi nimezaa saba. Hakuna aliyeniuliza hata mmoja.” Nilimshika mkono, tukaendelea na njia.

Njoo umwone, mjomba.

Mpwa wako,
Nuria