Foleni Isiyosomwa na Mtu

Kisumu,
14 Septemba 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Tom,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wewe, Waceke na mtoto mchanga mko wazima, na kwamba upepo wa hapo Luanda Kotieno haujamwingia mtoto kifuani. Sisi huku hatujambo. Dada yetu Dorca anasumbuliwa na jino lakini hataki ling'olewe, anasema wamezoeana.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nilifurahi kusikia ni msichana, halafu nikafika pale ulipoandika kwamba hutampa jina la Mama, Aoko, kwa kuwa Mama alikufa akiwa amemkataa Waceke. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi. Sina haki ya kukulaumu, na utaona kwa nini.

Unakumbuka mwaka jana kampuni ilipoleta kompyuta, moja hapa Kisumu na nyingine huko ufuoni kwenu, mezani kwa shemeji yako Gichuki. Mimi nilipelekwa Nairobi wiki mbili kujifunza, nikarudi kichwa kimevimba. Wewe kazi yako ni mizani ya samaki, kwa hiyo acha nikueleze. Laini ya simu ya huko hulala siku nzima. Ikiamka jioni kwa dakika chache, mashine yangu hutuma ujumbe wote uliokuwa ukisubiri kwenye foleni. Programu ilikuja na foleni moja tayari. Ujumbe usioutajia foleni huingia humo, na mashine ya Gichuki ilijua kuisoma tangu siku ya kwanza. Barafu, malori, salamu za harusi, vyote vilipanga mstari mmoja na vyote vilifika.

Lakini hiyo niliiona kazi ya mtu yeyote. Bosi aliponung'unika kwamba salamu za watu zinachelewesha barafu, nilimwambia nitatengeneza foleni zangu mwenyewe. Nikafungua moja ya barafu, moja ya malori, na moja ya mambo ya nyumbani niliyoiita JAMAA. Bosi aliniita fundi mbele ya ofisi nzima, nami jina nikalipokea.

Sasa, foleni mpya lazima mashine ya upande wa pili ielezwe, la sivyo haitaisoma kamwe. Zile mbili za kwanza nilikuja na disketi nikaziunganisha, ukaninunulia chai. Ya JAMAA nilipanga kuja kuimaliza Jumamosi iliyofuata. Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira, nikaenda uwanjani. Bosi nilimwambia kila kitu kiko tayari.

Jumapili nilikwenda Katito kumwona Mama. Alikuwa kitandani, na mguuni pa kitanda kuku alikuwa amefungwa kamba. Akaniambia nikuandikie, nikaandika neno kwa neno kwenye karatasi, na Jumatatu asubuhi nikauingiza ujumbe wake kwenye JAMAA, nimesahau kabisa kwamba sijaiunganisha. Alhamisi akafariki.

Ulifika Ijumaa, baada ya Dorca kukutumia habari kwa dereva wa lori la samaki. Wajomba walikuuliza kwa nini hukuja ulipoitwa, ukasema hukuitwa. Mimi nilidhani umeusoma ukampuuza Mama. Nilikuwa na hasira, Tom. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwa kinywa changu kwamba uliitwa tangu Jumatatu. Ndipo watu walipoanza kusema kwamba mwenye kukaa mbele ya ile mashine ni ndugu ya mke wako, na kwamba ujumbe ameuficha yeye kwa sababu dada yake hatakiwi kwetu. Gichuki aliapa hakuona kitu. Hukumwamini, na mpaka leo hamsemezani, na Waceke yuko katikati yenu.

Kaka, Gichuki hakuficha kitu. Wiki mbili baada ya mazishi niliifungua JAMAA nikakuta jumbe tisa zimelala humo. Wa tatu ulikuwa wa Mama. Haukutoka Kisumu hata siku moja. Ningekuwa mvivu kidogo tu, nisitaje foleni yoyote, ungeusoma Jumatatu ile ile jioni. Niliona hayo yote, nikazima mashine, nikaenda kula. Siku kumi baadaye Gichuki alifutwa kazi, nami nilikuwa nimekaa palepale nikimsikia bosi akiamuru barua yake ichapwe. Niliogopa kupoteza kazi yangu. Zaidi niliogopa uso wako. Nimekuwa mwoga mwaka mzima, na mwoga huyo bado watu wanamwita fundi.

Ujumbe nimeuchapa, umo ndani ya bahasha hii. Mama anasema hivi: “Tom, njoo na Waceke kabla ya Jumapili. Nilimkosea nyara. Kuku wake nimeshamfunga.” Hakusema mke wa Tom. Alisema nyara, binti yangu, kama alivyokuwa akimwita Dorca.

Kuku yule alichinjiwa waombolezaji. Hakuna aliyejua ni wa nani isipokuwa mimi, na mimi nilikula paja.

Jana nilimweleza bosi yote. Uamuzi wake nitaambiwa, na sitajitetea. Gichuki nimemwandikia barua yake, nikamwambia na yeye vilevile.

Nisalimie Waceke ikiwa atakubali salamu zangu, na mbusu mtoto. Dorca naye anawasalimu. Bado hajui, nitamwambia leo. Jina la mtoto ni lenu, sitalitaja tena.

Jumamosi nitafika hapo asubuhi na kuku mkononi. Ukinifungia mlango nitaelewa, lakini kuku mpokee. Ni wa Waceke.

Mdogo wako aliyekukosea,
Oduor