Bia Yake na Bia Yangu

Jumamosi, 8 Juni 1968. Musoma
Nimepiga taipu ripoti za pamba mpaka saa nane mchana. Vidole vinauma. Jioni dansi na Magesa, bwana shamba wa Bunda anayetuletea ripoti hizo. Yeye bia, mimi bia. Akanisimulia habari ya kiboko aliyeingia shamba la mtu kule Guta. Nilicheka mpaka machozi. Mwanamume mcheshi.

Jumatano, 12 Juni
Amekuja ofisini. Tumekunywa chai. Ameuliza kama Musoma mvua imenyesha. Nikasema imenyesha. Basi. Huyu ni nani?

Jumamosi, 15 Juni
Dansi tena. Nimekunywa soda tu, nione. Yeye bia. Kiboko yule yule, shamba lile lile. Hachekeshi. Kumbe siku ile ilicheka bia yangu.
Kisha akasema atamtuma baba yake mdogo nyumbani kwetu, Butiama, kuniposa. Nimeshtuka. Nikamwambia twende kwanza tukamsaidie shangazi yangu kuvuna mtama. Aje hajanywa.
"Bila kunywa huwaga sina maneno," akasema.
"Mtama hautaki maneno."

Jumapili, 16 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Nataka kumjua, na naogopa nitakayemkuta. Halafu, yeye kampenda nani? Yule binti anayecheka kila neno? Mimi bila bia sichekagi hivyo.

Jumamosi, 22 Juni. Butiama
Amekuja. Shangazi akamkaribisha kwa kibuyu cha pombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akaonja kwa heshima, akarudisha. Tumevuna kimya mpaka jua kali.
Tulipopumzika akaniuliza, "Mbona siku hizi hucheki? Nimekukosea?"
Nikamwambia kweli. Ilikuwa bia.
Akajibu, "Basi hata mimi si-sikukujua."
Ana kigugumizi. Sikuwahi kukigundua. Akiwa hajanywa husema machache ili kisisikike, akinywa kinapotea. Amenieleza yote, polepole, maneno yakikwama. Sikummalizia hata moja. Nilitaka kusikia.

Jumapili, 23 Juni
Shangazi ameniuliza baba mdogo wa Magesa aje au asije. Nimesema aje.
Njia panda tumengoja mabasi, lake la Bunda, langu la Musoma. Yamechelewa. Tumekula karanga. Hatukuongea muda mrefu, na sikutafuta la kusema.